Mabati mapya kwa deni: mtego kwa familia zinazouza nyumba

Kuna shauri moja linalozunguka katika mabalabala ya Kasongo, na mimi nasema likomeshwe. Komisioneri anaingia katika parseli, anatazama juu, anaona kutu na matundu, halafu anamwambia mwenye nyumba: "Mama, hapa mteja hawezi kuingia. Weka kwanza mabati mapya, nami nitakuletea mnunuzi." Na wengi wanaoambiwa hivyo si watu wenye feza. Ni familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare, ama wenyeji waliowapokea hao ndugu mpaka akiba ikaisha. Nyumba ndiyo kitu cha mwisho walicho nacho.

Tupige hesabu pamoja, maana komisioneri haipigi. Chukua nyumba ya kawaida, metre 6 kwa 8. Paa lazima lipite ukuta kila upande, tena lina mteremko, kwa hiyo unafunika kama metre karé 70. Bati moja la metre 3, ukishaondoa sehemu zinazolaliana, linafunika kama metre karé 2 tu. Basi unahitaji mabati karibu 35. Uliza bei ya bati moja sokoni leo, uzidishe mara 35, ongeza misumari, mbao na malipo ya fundi. Usisahau kwamba mabati hayatengenezwi hapa Maniema: yanatoka mbali, na kila kilometa ya njia mbovu iko ndani ya bei yake.

Sasa jiulize: mnunuzi atakurudishia feza hiyo yote? Mimi nasema hapana. Anayenunua nyumba kwetu anatazama kwanza parseli iko wapi, mipaka yake, kisima kiko mbali kiasi gani, karatasi ziko namna gani, tena kuta. Wengi wakishanunua wanabomoa na kujenga yao. Mabati yako mapya watayaezua wakafunikie jiko. Wewe utabaki na deni la mfanyabiashara aliyekukopesha, na riba inakimbia kila mwezi. Mnunuzi akichelewa miezi sita, hautauza tena kwa bei unayoitaka, utauza kwa bei anayoitaka mwenye deni. Komisioneri yeye hapotezi kitu. Asilimia yake inahesabiwa juu ya bei yote, hata kile ulichotumia kwa mabati kimo ndani.

Kuna watakaonijibu kwamba paa linalovuja linashusha bei. Ni kweli, wala sisemi tuache nyumba inyeshewe. Nyumba nyingi hapa ni za matofali mabichi, na ukuta wa udongo ukinywa maji mvua mbili tatu, pembe inafumuka na nyumba nzima inalala. Lakini kuziba si kubadilisha. Mara nyingi maji yanapita kwenye tundu za misumari iliyolegea, ama kwenye mabati machache yaliyoliwa na kutu upande mmoja. Badilisha hayo machache. Ngoa msumari uliolegea, weka mwingine wenye kofia na kipande cha mpira chini yake, upigwe juu ya mgongo wa bati, si ndani ya mfereji ambamo maji yanapita. Fanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Septemba. Kisha mwonyeshe mnunuzi waziwazi: hapa nimeziba, hapa ni pazee, bei inajua hayo.

Na ngoja niseme jambo ambalo mafundi wengine hawatapenda. Mabati yanayong'aa juu ya mbao zilizoliwa na mchwa ni udanganyifu. Nyumba kama hiyo inauzwa kwa haraka, ndiyo, halafu upepo wa kwanza unabeba kila kitu, na mnunuzi anarudi na polisi. Bati lenye kutu halimdanganyi mtu.

Upande wa Kabambare mambo ni machungu zaidi. Kule nyumba nyingi hazina paa kabisa. Za nyasi zilichomwa, za mabati ziliezuliwa. Mengine yaliibwa, mengine wenyewe waliyang'oa na kuyabeba njiani, maana bati ndiyo mali ya nyumba inayoweza kubebwa kichwani. Basi anatokea mtu mwenye feza, anamfuata mkimbizi mpaka mahali alipojificha, anamwambia: "Nyumba yako haina paa, hiyo si nyumba tena, chukua kidogo hiki." Huo ni unyang'anyi wenye sahihi. Paa limekwenda, lakini parseli iko, michikichi iko, makaburi ya wazee yako. Bei ya paa inaweza kuhesabiwa, tumeihesabu hapo juu. Itolewe hiyo, na kinachobaki kilipwe chote.

Kama mtu ana feza kidogo ya kutumia kabla ya kuuza, aitumie kwa karatasi kuliko kwa mabati. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Unachouza wewe ni haki yako juu yake na kile ulichojenga. Mwenye kuweza kuonyesha haki hiyo anauza vizuri hata chini ya kutu. Wengi wetu hatuna sertifika, tuna karatasi ya chefu tu, lakini hata hiyo iwe na mipaka, majina ya majirani na mashahidi. Tena Kodi ya Familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inadai mume na mke wote wawili wakubali kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Baba aliyekimbilia Kindu hawezi kuuza peke yake nyumba ambamo mama analala na watoto Kasongo.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa machefu wa kartie na wa vijiji. Nchi yetu ni mmoja wa waliotia sahihi Mkataba wa Maziwa Makuu wa mwaka 2006, na ndani yake kuna itifaki nzima juu ya mali ya watu wanaorudi makwao. Mtu akikuletea karatasi ya kuuza nyumba ya mkimbizi ambaye hayuko, usigonge muhuri. Mwite mwenyewe, mwite mke wake, uliza walipewa kiasi gani, na uliza nani aliwaambia kwamba nyumba bila paa haina bei.