NYUMBANI MWETU: Neoni inayochezacheza



Jioni moja mama wa hapa Bengamisa aliniita: «Pasta, kuya uombee nyumba yetu, taa inachezacheza sawa vile iko na pepo.» Nilienda. Neoni ya sebule inawaka, inazimika, inawaka. Kuomba tuliomba, sikatai, lakini kwanza niliomba kiti cha kupandia.

Ndugu msomaji, kabla ya kugusa, zima umeme. Kama ni grupu, zima grupu yenyewe. Pembeni ya taa utaona kakopo kadogo: ndiyo starta. Inapasha moto nyuzi za ncha mbili za bomba, halafu inakata, na balasti inasukuma umeme upite ndani. Bomba likishawaka, starta haina kazi tena. Ikichoka, inajaribu na kujaribu, ndiyo kule kuchezacheza. Izungushe kidogo, itatoka, weka mpya. Bei yake ni ndogo kuliko ya bomba, basi anzia hapo. (Si kila fundi atakuambia hivyo!)

Ncha za bomba zikiwa nyeusi sana, limezeeka. Balasti ikinuka kuungua, zima, ita fundi. Na usiache taa icheze usiku kucha, juu balasti inapata moto.

Kwa yule mama starta ilikuwa nzima. Shida ilikuwa grupu ndogo wanayogawana na duka la jirani: friji ikianza, umeme unashuka chini ya volti 220. Balbu ya kawaida ingefifia tu. Neoni inazimika, inaanza upya.

Kumbe nyuma ya nyumba watoto walikuwa wanapigana na bomba la zamani sawa upanga. Hapo nilikasirika. Ndani yake mna zebaki, ile merkire ambayo baba yao anakamatia dhahabu machimboni. Bomba likivunjika, watoto watoke, fungua madirisha, ngoja robo saa. Usifagie, okota vipande kwa karatasi ngumu, funga ndani ya chupa. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mabomba haya yaache kutengenezwa na kuuzwa toka nchi hadi nchi kufikia 2027. Ukinunua taa nyingine, chukua ya LED.

Lakini ndani ya bomba ni miligramu chache tu. Mama alinionyesha sufuria ambamo mume wake anachoma merkire kwa magramu, palepale jikoni, na kesho yake inapikiwa sombe. Mvuke ule hauonekani, hauna harufu, na unaharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Yule mama alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Baba alirudi Jumamosi. Nilikaa naye saa nzima juu ya ile sufuria: itoke jikoni leo, isipikiwe tena, na wachimbaji wanunue pamoja retorti, chombo kinachofunika moshi na kurudisha merkire yao. Neoni hatukuitaja hata.