UPINDE WA KWANZA WA MWANAO: SUNNA SI KUMTWISHA MTOTO MZIGO WA BABA



Ndugu zangu katika imani, kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp kila likizo za shule zinapokaribia. Unasema kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tuwafundishe watoto wetu kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi. Chini yake kuna picha ya mtoto kashika upinde, na mara nyingine namba ya muuzaji.

Tuanze kwa kuliweka sawa hili. Riwaya zinazomnasibishia Mtume (S.A.W.) maneno hayo wanazuoni wa hadithi wamezidhoofisha. Kinachojulikana zaidi ni maagizo ya Umar bin al-Khattab (R.A.). Katika Musnad ya Imam Ahmad imo habari ya barua aliyomwandikia Abu Ubayda (R.A.): wavulana wafundishwe kuogelea, na wapiganaji wafundishwe kurusha mishale.

Umeona mgawanyo huo? Na habari yenyewe haikuishia hapo. Inaendelea kusema kwamba watu wakawa wanakwenda na kurudi kwenye shabaha, ukaja mshale uliopotea njia, haijulikani katupa nani, ukampata mvulana mmoja na kumuua. Mtoto yule hakuwa na mrithi anayejulikana, alikuwa chini ya malezi ya mjomba wake. Abu Ubayda akaandika kumuuliza Umar haki ya damu ya mtoto yule apewe nani. Umar akamjibu kwa hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba mjomba humrithi asiyekuwa na mrithi.

Basi nakuuliza, ndugu yangu: mbona nusu ya kwanza ya habari hii inasambazwa kila mwaka, na nusu ya pili yenye mtoto aliyekufa hatuisikii?

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na nitalisema waziwazi hata kama litamuudhi mtu. Wengi wetu tunapowanunulia watoto upinde, hatuwanunulii watoto. Tunajinunulia sisi. Tunanunua picha. Baba anaagiza upinde mkubwa mweusi unaotisha, anamvalisha mwanawe wa miaka saba kanzu na kilemba, anamsimamisha uwanjani. Mtoto anavuta, mikono inatetemeka, mgongo umepinda kama ndoano, uso umekunjamana. Baba anarekodi, anaandika "Alhamdulillah, tunahuisha sunna." Wallahi hiyo si sunna. Hiyo ni kumtwisha mtoto mzigo wa baba.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuwaache watoto na simu mchana kutwa. Kurusha mishale kuna daraja kubwa katika dini yetu. Katika Sahih Muslim, Uqba bin Amir (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kurusha, na akalikariri neno hilo mara tatu. Katika Sahih Bukhari, Salama bin al-Akwa (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga, akawahimiza na kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mrushaji. Na wanahistoria wa sira wanataja kwamba Rafi bin Khadij (R.A.) aliruhusiwa kutoka kwenda Uhud akiwa na miaka 15 tu, kwa sababu Mtume (S.A.W.) aliambiwa kuwa kijana huyu ni mlengaji hodari.

Mtu hawi mlengaji hodari akiwa na miaka 15 bila kuanza mapema. Kwa hiyo kumfundisha mtoto si tatizo. Tatizo ni namna tunavyoanza.

Angalia wenzetu waliotutangulia. Waothmani, waliokuwa na uwanja maalumu wa warusha mishale Istanbul uitwao Okmeydanı, hawakumpa mwanafunzi mpya upinde wa vita. Walimpa upinde dhaifu sana ulioitwa kepaze, akawa anauvuta tu bila mshale, tena na tena, siku baada ya siku, mpaka misuli izoee na mwalimu aridhike. Ndipo akaingia kwenye upinde wenye nguvu zaidi. Hao walikuwa wanaume, tena wa dola iliyotikisa Ulaya! Wewe leo unamruka mwanao wa darasa la pili hadi kwenye upinde wa mtu mzima?

Na kama Istanbul unaiona mbali, njoo hapa nyumbani Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe wanaishi kwa upinde, na pinde za wanaume wao ni nzito kuvuta kweli kweli. Lakini mvulana wa Kihadzabe huanza akiwa mdogo kabisa, na upinde mdogo uliotengenezwa kwa kimo chake. Akikua, upinde unakua naye. Watu ambao chakula chao cha jioni kinategemea mshale hawana haraka na mtoto. Sisi ambao tunategemea duka la jirani, haraka hii tumeitoa wapi?

Sasa tuingie kwenye kuchagua, maana nasaha bila maelezo ni lawama tu.

1. UZITO WA KUVUTA. Hili ndilo la kwanza. Kila upinde unaouzwa dukani huandikwa nguvu inayohitajika kuuvuta, kwa paundi. Mtoto wa miaka 5 hadi 7, usizidishe paundi 10. Wa miaka 8 hadi 10, kati ya 10 na 14 panamtosha. Wa miaka 11 hadi 13, kati ya 14 na 20, kwa kutegemea mwili wake. Kipimo rahisi: mwambie auvute mpaka mkono ufike kidevuni, aushike hapo huku ukihesabu hadi kumi, kisha aurudishe taratibu. Akitetemeka, akiinua mabega au akijipinda nyuma, upinde huo si wake. Usiseme "atauzoea." Atakachokizoea ni kuvuta vibaya, na bega la mtoto bado linakua.

2. AINA. Anza na upinde wa kawaida wa mbao au faibaglasi, mwepesi. Upinde wa kapi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, uache kwanza. Ukipata ule ambao mikono yake inafunguliwa na kubadilishwa, ni bora zaidi: akikua unabadilisha mikono, kishikio kinabaki kilekile. Na ule wa plastiki wenye mishale ya kunata ukutani ni mchezo wa kawaida. Mnunulie akacheze, lakini usiuite mafunzo.

3. MISHALE. Mshale wa mtoto uwe mrefu kuliko anavyohitaji. Akivuta mpaka mwisho, ncha ibaki mbele ya upinde kwa inchi mbili au tatu. Mshale mfupi unaweza kurudi nyuma ya kishikio na kumchoma mkono wake mwenyewe. Na kabla ya kila zoezi kagua mishale mmoja mmoja. Wenye ufa, uvunje na uutupe.

4. JICHO. Mwambie anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja, akutazame usoni kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Jicho unaloliona wewe ndilo jicho lake kuu. Likiwa la kushoto, mwache avute kwa mkono wa kushoto. Najua kuna mzazi atasema, "Sheikh, kushoto?" Ndugu yangu, adabu ya mkono wa kulia tunaijua katika kula na kunywa. Upinde unashikwa kwa mikono miwili, yote inafanya kazi.

5. KINGA. Kinga ya ngozi kwenye mkono unaoshika upinde, na kinga ya vidole vinavyovuta. Ugwe, yaani kamba ya upinde, ukimchapa mtoto mkononi siku ya kwanza, siku ya pili hutamwona uwanjani. Mikono mipana ya kanzu ifungwe, ushungi uingizwe ndani ya nguo.

6. UMBALI. Anza na mita 5, shabaha kubwa, nyuma yake marobota ya nyasi kavu na sehemu pana isiyopita mtu. Mtoto ahitaji kupata kwanza. Umbali utakuja.

Hapo utasikia mtu anasema: "Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa kiume akomazwe!" Ndiyo, methali ni ya kwetu. Lakini imesema mkunje, haikusema mvunje. Angalia dini yetu inavyomlea mtoto katika swala, nguzo ya dini: anaamrishwa akiwa na miaka saba, na ukali unakuja baada ya miaka kumi, na ikifika baleghe ndipo anaandikiwa. Miaka mitatu mizima ya kukumbusha tu. Ikiwa swala imewekewa ngazi, upinde ni nani usiwe na ngazi?

Na jua unachokihatarisha. Mtoto aliyeshindwa kuvuta mbele ya binamu zake, wakamcheka, baba akamkaripia "Masahaba walikuwa hivi?", mtoto huyo hajifunzi kuwa upinde ulikuwa mzito. Anajifunza kwamba sunna ni kitu ambacho yeye hakiwezi. Fundisho hilo anaondoka nalo, anaingia nalo msikitini, anakua nalo. Utakuja kumuuliza akiwa na miaka 17 kwa nini anaikimbia dini, na jibu lilianzia uwanjani siku ile.

Sasa upande wa pili, nao ni mkubwa kuliko kununua: adabu. Mtume (S.A.W.) alikataza hata kurusha vijiwe kwa vidole, kama ilivyo katika riwaya ya Abdullah bin Mughaffal (R.A.), kwa kuwa haviui windo wala havimdhuru adui, bali vinavunja jino na kupofua jicho. Hicho ni kijiwe! Mshale je? Alikataza kumwelekezea Muislamu silaha. Aliamrisha anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake. Na Ibn Umar (R.A.) alipowakuta vijana wa Kiquraishi wamemfunga ndege wakimlenga, akawakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kwa hiyo kuku wa jirani na paka wa uani si shabaha.

Mfundishe mwanao kanuni hizi kabla hajagusa ugwe:

- Chora mstari chini. Wote wanarusha wakiwa kwenye mstari huo mmoja.
- Hakuna anayevuka mstari kufuata mshale mpaka wote wameweka pinde chini na mkubwa ameruhusu.
- Upinde wenye mshale unaelekea kwenye shabaha tu. Hauelekezwi juu wala kwa mtu, hata kwa utani.
- Asiuachie ugwe bila mshale. Nguvu inayokosa mshale inarudi kwenye upinde na inaweza kuuvunja mbele ya uso wake.
- Ukisema "Simama!", anasimama papo hapo. Mtoto ambaye bado hajaweza kusimama kwa neno moja, huyo hajafikia umri wa upinde, hata kama ana miaka kumi.

Kumbuka Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Warusha mishale 50 walikuwa juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.), na waliamrishwa wasiondoke mahali pao kwa hali yoyote. Upinde walikuwa nao, shabaha walikuwa nayo. Walipoona ushindi, wengi wao wakashuka kabla ya amri, na sote tunajua kilichofuata. Somo la upinde tangu siku ile ni kungoja. Ukimfundisha mwanao kungoja amri kwenye mstari, umemfundisha zaidi ya kulenga.

Na binti yako usimwache jikoni siku hiyo. Nusayba bint Kaab (R.A.) siku ya Uhud alimkinga Mtume (S.A.W.) kwa upanga na kwa upinde. Kwa masharti ya stara, mpe naye nafasi yake kwenye mstari.

Mwingine ataniambia: "Sheikh, sina pesa ya upinde wa mtoto, ila shemeji yangu Muscat ameniachia wake." Nasema: usimpe. Subiri. Au tafuta mwalimu au klabu yenye pinde za watoto. Walio Uingereza na Marekani, klabu za namna hiyo zipo, na kila mmoja afuate sheria ya nchi anayoishi. Na ukipata muda kabla ya pesa, mfundishe kuogelea. Hilo ndilo lililotajwa kwa ajili ya wavulana kwenye barua ya Umar, na sisi watu wa pwani tunazika watoto waliozama huku bahari iko mlangoni.

Ewe baba, ewe mama: mtoto ni amana. Hakuna aya wala hadithi inayosema utaulizwa kwa nini hukumnunulia mwanao upinde akiwa na miaka sita. Lakini jicho la mwanao, au jicho la mtoto wa jirani yako, hilo utaulizwa.

Basi kabla hujafungua kamera, fungua daftari. Andika umri wake, kimo chake, jicho lake kuu, na paundi anazoweza kuzishika kwa hesabu ya kumi. Kisha simama pembeni yake wewe mwenyewe, usimtume kaka wala dereva. Mpe mshale mmoja mmoja kwa mkono wako. Akikosa, tabasamu. Akipata, mwambie aseme Alhamdulillah.

Ewe Allah, wahifadhi watoto wetu, wape nguvu katika miili yao na utulivu katika nyoyo zao, na utujaalie tuwe walezi wanaowapenda kuliko tunavyopenda kuonekana. Aamin.

Ukiona lina faida, msambazie mzazi mwenzako, lakini usilikate nusu.

Wabillahi tawfiq.