TAMKO LA TAWI: LIKIZO NI HAKI, SI HISANI



Kuna ujanja unaowaumiza wachuma chai wetu. Mtu anasainishwa mkataba wa miezi mitatu, ukiisha anasainishwa mwingine, mwaka unakatika. Akiomba likizo anaambiwa: "Wewe kibarua."

Tusikubali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inajumlisha vipindi ulivyofanya kazi kwa mwajiri yuleyule. Vikizidi miezi 6 ndani ya mwaka, una haki ya likizo yenye malipo. Na saa zinazozidi 45 kwa wiki ni ovataimu: malipo ni mara moja na nusu. Sikukuu ni mara mbili. Mizani inahesabu kilo, nani anahesabu saa?

Tujisafishe na sisi. Mwanachama mwenye duka Tukuyu mjini ambaye binti wake wa kazi hana hata Jumapili, hana mdomo wa kuwasema wenye mashamba.

Tunza kila mkataba, hata ulioisha. Andika saa ya kuingia na ya kutoka. Leta kwa Katibu, twende pamoja kwa Ofisa Kazi Mbeya.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati