MBU MWENYE BAKTERIA: TUSIMKATAE KABLA HATUJAMJUA (Sehemu ya 6)

Mama zangu na dada zangu wa Masasi na Newala, leo tuongee kuhusu mbu wanaowekewa bakteria. Najua ukisikia hivyo unashtuka: mbu tunao wa kutosha, tuongezewe tena? Nisomeni hadi mwisho, kisha mniambie.

Tuanzie nyumbani. Chikungunya, jina linalotumika hospitali za dunia nzima, ni neno la Kimakonde: ugonjwa unaomkunja mtu. Ulielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953, hapa hapa kwenye uwanda wetu. Homa kali, viungo vinauma mpaka mtu anatembea kainama, na maumivu yanaweza kukaa miezi. Mama akiwa nao wakati wa kujifungua, kichanga anaweza kuupata na kuumwa vibaya. Dawa ya kuua kirusi chake hakuna, tunatuliza homa na maumivu tu.

Anayeueneza siyo mbu wa malaria. Ni Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Ndiye analeta na dengue. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Anapenda kutaga kwenye maji tunayohifadhi: pipa, mtungi, ndoo, tangi la maji ya mvua. Na sisi tunahifadhi kwa sababu maji huku ni shida, siyo kwa uchafu. Mama asisemwe kwa hilo.

Sasa hiyo bakteria. Inaitwa Wolbachia. Kwa asili imo kwenye karibu nusu ya aina za wadudu duniani, wakiwemo vipepeo. Binadamu haimwambukizi. Aedes wa aina ya aegypti kwa kawaida hana, watafiti ndio wakamwekea. Akiwa nayo, virusi vya dengue na chikungunya vinapata shida kuzaliana mwilini mwake. Halafu inarithiwa kwa mama: jike mwenye nayo anataga mayai yenye nayo. Dume mwenye nayo akikutana na jike asiye nayo, mayai hayaanguliwi. Kidogo kidogo mtaa mzima unabaki na mbu wenye bakteria.

Mji wa Yogyakarta, Indonesia, walijaribu kwenye baadhi ya mitaa na kulinganisha na mingine. Dengue ilipungua kwa 77%, na waliolazwa hospitali kwa 86%. Matokeo yalichapishwa 2021.

Msichanganye na dawa ya kiwanda cha Kibaha. Ile nayo ni bakteria, ila unaiweka kwenye maji, inaua viluwiluwi, na inabidi urudie tena na tena.

Maoni yangu ni haya. Ugonjwa uliopewa jina kwa lugha yetu, kinga yake isiishie kwa wenzetu. Tuwaulize madiwani na wabunge wetu: huku itafika lini? Na ikija, tuelezwe kwanza kwa lugha tunayoielewa, mama aulize mpaka aridhike, ndipo mbu waachiwe. Kuuliza ni haki yetu. Kukataa kwa sababu ya maneno ya kijiweni, hapana jamani.

Wakati tunasubiri:
1. Funika kila chombo cha maji, kifuniko kibane.
2. Kila wiki mwaga na sugua kuta za ndani. Mayai yanaganda pale, na hata pakikauka yanakaa miezi.
3. Toa makopo, vifuu na matairi uani.
4. Mtoto akilala mchana, alale ndani ya chandarua.
5. Homa ikija, nenda ukapime. Kipimo cha malaria kikiwa hakina kitu, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha.

Na hao mbu hawatatibu malaria, wala hawatatuletea maji ya bomba. Maji tuendelee kuyadai.

Maswali wekeni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Sehemu ya 7: homa kwa kichanga.