Tafsiri Nje ya Seli: Nani Atayaunda Maneno?

Aghalabu husikika katika vikao vya wapenzi wa lugha dai kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi yake, nayo ni fasihi na isimu. Mambo ya maabara awaachie wenyewe. Dai hili lina kasoro. Wanabiolojia walipotaka kueleza jinsi protini inavyoundwa, hawakukopa istilahi kwa mafundi wala kwa wapishi, bali walibisha hodi kwa wanalugha. Hatua ya kwanza, ambapo ujumbe wa DNA hunakiliwa katika RNA, waliiita unukuzi. Ya pili, ambapo ribosomu huusoma ujumbe huo na kuunganisha asidi amino, wakaiita tafsiri.

Majina haya si mapambo. Unukuzi hubaki katika lugha ya herufi 4, ilhali tafsiri huvuka hadi lugha nyingine yenye asidi amino 20. Herufi husomwa tatu tatu, hivyo hupatikana "maneno" 64. Matatu kati yake ni vituo vya kukomea, na 61 yaliyosalia hugawana asidi 20. Mwanafunzi wa semantiki atatambua papo hapo kwamba hapa pana visawe tele. Na kama ilivyo katika lahaja, kila kiumbe kina visawe kinavyovipendelea.

Kamusi ya lugha hiyo ilianza kufunuliwa nje ya seli. Mwaka 1961 huko Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walizivunja seli za bakteria Escherichia coli, wakachukua majimaji yake yenye ribosomu, kisha wakatia RNA yenye herufi moja tu, U, iliyorudiwarudiwa. Wakapata mnyororo wa asidi amino moja, fenilalanini. Neno la kwanza likajulikana pasipo seli hai hata moja.

Hata hivyo, bakteria ni mfasiri mwenye pupa. Ribosomu yake huunganisha asidi amino kati ya 10 na 20 kwa sekunde, na protini kubwa yenye sehemu kadhaa mara nyingi hukosa wasaa wa kujikunja sehemu baada ya sehemu. Hujisokota ovyo na kuganda. Ribosomu za viumbe ambavyo seli zao zina kiini huenda polepole zaidi. Ndiyo maana watafiti waligeukia chembe changa za damu ya sungura, seli za wadudu na viinitete vya ngano. Mwaka 2000 Yaeta Endo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ehime, Japani, walionyesha kwamba viinitete hivyo vikioshwa vyema, yakaondoka masalia ya chakula cha mbegu yenye tritini, sumu inayolemaza ribosomu, basi majimaji yake hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Jambo hili si la Wajapani peke yao. Jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi A na T kwa takriban asilimia 80, na bakteria mara nyingi hukwama anapoisoma lahaja hiyo. Ngano huivumilia. Kundi la Takafumi Tsuboi, la Ehime vilevile, lilichapisha mwaka 2008 kazi ya kuunda protini za kimelea hicho kwa njia ya ngano ili kutafuta chanjo. Kenya, ilikoanza kutolewa chanjo ya RTS,S mwaka 2019 katika eneo la magharibi, haiwezi kuliita hilo jambo la mbali, ingawa chanjo hiyo yenyewe hutegemea hamira.

Basi mfumo huu uitweje? Wapo watakaopendekeza "usanisi usio na seli". Hiyo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, tena inapotosha: husikika kana kwamba seli haikuhusika, ilhali mitambo yote imetoka ndani yake. "Usanisi wa protini nje ya seli" hutaja mahali, na neno usanisi limekwisha kuzoeleka kupitia usanisinuru. Kanuni iliyo bora ni kukopa majina ya vitu, kama ribosomu na protini, lakini vitendo vipewe majina kutoka ndani ya lugha. (Kwa hakika ribosomu ni ukumbi tu, mkalimani ni ile RNA ndogo inayobeba asidi amino.)

Watasema biolojia hufundishwa kwa Kiingereza vyuoni. Kweli, lakini Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili lugha rasmi, na mzazi huuliza maswali kliniki kwa Kiswahili.

Majimaji yenyewe ndiyo yenye utata. "Mchujo" humkumbusha Mkenya kura za uteuzi wa vyama. "Dondoo" humkumbusha mwanafunzi karatasi ya mtihani wa fasihi. "Mkamuo" lingeelekea kufaa, japo viinitete husagwa, kisha majimaji hutengwa kwa kuzungushwa kwa kasi, wala hakuna kinachokamuliwa.