Mpige picha kinyonga, lakini usimweke shavuni kwa mtoto

Leo mada ni ya wote, kina mama na baba wa nyumba. Najua kuna mtakaosema, "Nesi, hata hili nalo?" Ndiyo, hata hili.

Juzi mama mmoja alinionyesha picha kwenye simu. Mtoto wa miaka miwili anacheka, kinyonga wao amewekwa shavuni. Picha tamu, sibishi. Nikamuuliza kitu kimoja tu: baada ya hapo mtoto alinawa? Akacheka. "Aa, nesi, si nilimpa andazi lake akatulia!"

Hapo ndipo penye tatizo.

Nisieleweke vibaya. Kinyonga hana sumu, na wale wanaompiga mawe eti ana mkosi wanamwonea. Ila kutokuwa na sumu si kutokuwa na vijidudu. Kinyonga, kama mijusi, nyoka na kobe, anaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni mwake na yeye asiumwe kabisa. Wanatoka na kinyesi, wanabaki kwenye ngozi yake, kwenye tawi, kwenye boksi analolala. Mtoto anamshika, kisha kidole kinaenda mdomoni. Matokeo yake ni homa, tumbo kuuma na kuharisha. Walio chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee ndio huumia zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtoto wa chini ya miaka mitano asiwe sehemu ya kumpachika kinyonga. Si shavuni, si kichwani, si mkononi. Na kumbusu ndiyo kabisa, hapana.

Sasa tumwangalie na kinyonga mwenyewe. Tumekua tukiambiwa ukimweka kwenye kanga nyekundu atakuwa mwekundu. Si kweli. Rangi yake hubadilika kwa joto, mwanga, na jinsi anavyojisikia. Asubuhi anaweza kuwa mweusi ili avute joto la jua. Lakini akiwa mweusi ghafla, amejivimbisha, amefungua mdomo na anafoka, huyo ana hofu. Sisi tunasema "ona anavyopozi!" kumbe anaomba aachwe. Tunamfundisha mtoto kucheka mwenzake anapoogopa, na hilo linaniuma kuliko hata vijidudu.

Picha nzuri inapatikana bila hayo yote. Fanya hivi:

1. Mwache kwenye tawi lake. Ikibidi kumsogeza, mwekee kijiti mbele apande mwenyewe. Usimvute mkia, maana mkia wa kinyonga ukikatika hauoti tena kama wa mjusi.

2. Tumia mwanga wa asubuhi, zima flashi. Inama simu iwe usawa wa jicho lake, kisha gusa jicho hilo kwenye skrini. Macho yake hutazama pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, subiri moja likugeukie.

3. Mtoto asimame nyuma hatua mbili tatu, aonekane anamtazama. Niamini, uso wa mtoto anayeshangaa ni mtamu kuliko wa aliyepachikwa mnyama.

4. Dakika chache zinatosha. Kisha wote mnawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata aliyeshika tawi tu. Vyombo vyake visioshewe jikoni.

Mtoto akishaanza kuharisha, anza ORS na kumnyonyesha zaidi, mpeleke kituoni apewe na zinki. Ukiona damu kwenye choo, anatapika kila kitu, amelegea, macho yameingia ndani au hanyonyi, usisubiri kesho. Na mwambie mhudumu kwamba nyumbani mna kinyonga. Usione aibu, taarifa hiyo inatusaidia.

Jambo la mwisho. Hapa Tanzania kumfuga mnyama wa porini kunahitaji kibali. Kama huyo wenu aliokotwa tu shambani, mrudisheni alikotoka, mkampigie picha hukohuko mtini. Wanasayansi wamelipa kundi zima la vinyonga wa milima yetu, wakiwemo wa Usambara, jina la Kinyongia, kutoka neno letu hilihilo. Mwonyeshe mwanao kitu hicho cha kujivunia akiwa hai na ametulia kwenye tawi lake.

Haya, simu chini, tukanawe mikono.