Upole Hauandikwi kwenye Pakiti

Muuzaji wa duka la dawa alinipangia pakiti tatu mezani, kuanzia ya bei ndogo hadi ya bei kubwa, kisha akagonga ile ya mwisho kwa kidole. “Dada, hii ndiyo ya watoto wenye ngozi nyepesi.” Ilikuwa na picha ya jani la kijani na mtoto aliyelala. Mwanangu alikuwa na wiki saba na makalio yake yalikuwa mekundu kama nyanya mbivu. Mzazi katika hali hiyo hana akili ya kubishana bei. Nikatoa shilingi elfu tisa.

Usiku ule, upele ukiwa umezidi, niliigeuza ile pakiti nikaisoma kwa tochi ya simu. Orodha ya viungo ilikuwa ya Kiingereza na Kilatini, kwa herufi za ukubwa wa punje ya ulezi. Nasoma shahada ya uzamili, na bado ilinichukua karibu saa nzima. Karibu na mwisho nikakuta neno “parfum”, yaani manukato. Mbele upole, nyuma marashi.

Nataka kusema wazi: maneno matamu yaliyo mbele ya waipsi za watoto ni tangazo, wala hayatuambii chochote kuhusu ngozi ya mtoto. Chukua neno “hypoallergenic”, linalotufanya tuamini kwamba bidhaa haitaleta mzio. Mwaka 1975 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa kanuni kwamba kampuni inayotaka kulitumia neno hilo ifanye majaribio kwa watu kwanza. Kampuni za vipodozi zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaitengua kanuni hiyo. Kwa hiyo hata huko lilikotamba neno hilo, sheria haikuachiwa kipimo chake. Sisi tunalinunua likiwa limevuka bahari na bei yake.

Wapo watakaonijibu: basi tafuta zisizo na kemikali. Huo nao ni uongo mwingine. Kitambaa chenye maji kikifungiwa ndani ya plastiki, kwenye joto la Dar es Salaam, huota bakteria na ukungu kisipowekewa kihifadhi. Swali la maana ni kihifadhi gani. Kipo kimoja ambacho pakiti hukiandika “methylisothiazolinone”. Mwaka 2013 chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kusuuzwa, na katazo hilo likaanza kufanya kazi mwaka 2017. Waipsi zimo katika kundi hilo, maana hakuna anayemfuta mtoto kisha akamsuuza. Angekuwa na maji ya kusuuzia, angeanza nayo.

Mama yangu, aliyetoka Tanga kuja kuniuguza uzazi, alisikiliza somo langu lote kisha akauliza: “Mwanangu, kwani maji yamekwisha?” Akachana kanga kuukuu, akachovya kwenye maji ya vuguvugu, akamsafisha mjukuu wake na kumkausha kwa kumgusagusa tu, bila kusugua. Akamwacha wazi juu ya kitambaa kikavu kwa muda. Baada ya siku chache wekundu ulipungua.

Hapo ningeweza kumaliza kwa kuwasifu bibi zetu na kuwaita mama wa leo wavivu. Sitafanya hivyo. Wanaowacheka mama wenye waipsi mara nyingi hawajawahi kubadilisha nepi ndani ya daladala kutoka Mbagala, wala kuamka na kukuta bomba limekauka siku ya tatu. Tena, utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha watoto wachanga 280, ulionyesha kuwa waipsi zilizojaribiwa hazikuidhuru ngozi kuliko pamba na maji. Ni kweli uligharimiwa na kampuni inayouza bidhaa hizo, na waipsi zilizopimwa zilikuwa za aina moja. Lakini unatosha kutuzuia tusimhukumu mzazi kwa kilicho kwenye mkoba wake.

Msimamo wangu ni huu. Nyumbani, maji na kitambaa laini. Njiani, waipsi zisizo na manukato wala kile kihifadhi nilichokitaja, zenye orodha fupi ya viungo. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, usubiri siku moja au mbili. Ngozi ikiwaka, acha, hata kama ulilipa elfu tisa. Badilisha nepi mapema, maana mkojo na kinyesi vikikaa pamoja ndivyo vinavyoichubua ngozi zaidi; kisha paka krimu yenye zinki. Ukiona vidoadoa vyekundu vimezunguka upele na umeingia kwenye mikunjo ya mapaja, huenda ni fangasi, na fangasi hawaondoki kwa kufutwa. Ukiona usaha, malengelenge au homa, nenda kliniki.

Lakini kwa nini ulinzi wa mtoto utegemee mama yake kusoma Kilatini usiku wa manane? Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Nalidai mambo mawili: viungo viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na anayeandika “laini kwa ngozi” aonyeshe alivyopima. Jirani yangu Mama Rehema anauza vitumbua alfajiri na kulea mapacha mchana. Alinunua pakiti kama yangu kwa sababu aliniona nayo. Kosa hilo ni langu, na nilikwenda kumwambia. Ila hakupaswa kuhitaji jirani mwenye shahada ili ajue kilichomo kwenye kitu alichokilipia.

Pakiti yangu bado ipo. Naifutia meza ya kusomea. Meza haijaota upele.